Ninga, Hua na Pugi wa Bunyala

Port Victoria, mji wa wavuvi wa Bunyala katika kaunti ya Busia, karibu na pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, umejaliwa njiwa wa kila namna. Ninga wa kijani hula matunda ya mikuyu. Pugi huokota mbegu vichakani. Hua mwenye ukanda mweusi shingoni hulia kutwa juu ya miti, na njiwa manga hulala mapaani.

Wote wana ufundi wao. Ndege wengi huchota maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yashuke. Njiwa hutumbukiza mdomo akafyonza. Makinda nao hulishwa maziwa mazito yanayotengenezwa katika gole la mama na la baba pia.

Hatari iko mashambani. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, watafiti wameshuhudia wategaji wakichanganya nafaka na kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, ili wapate ndege wa kitoweo. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu, ya ndege na ya binadamu vilevile.

Ukiuziwa njiwa usiyejua alikufaje, usimnunue.