TELEVIZYO YA INCHI: NI SAUTI YA NANI?



Mara nyingi wakati wa chakula nasikia mwanafunzi akimaliza mabishano hivi: "Ni kweli, walisema kwa tele!" Basi tuangalie tele yenyewe ilitoka wapi.

Mbele ya televizyo kulikuwa redio, iliyoanzishwa na Wabelgiji kule Léopoldville mwaka wa 1940. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alitangaza kwa redio hiyo kwamba anamuondoa Lumumba. Jioni ile ile Lumumba naye akashika mikro, akakataa. Kesho yake ONU ikafunga kituo. Watu wa Kasavubu walisemea redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba akabaki bila sauti. Wakubwa wakajifunza: mwenye mikro ana nguvu.

Televizyo ilianza mwaka wa 1966, mwaka mmoja kisha Mobutu kukamata utawala. Wakati wa Zaire iliitwa Voix du Zaïre, ni kusema Sauti ya Zaire. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali alimupiga Foreman kule Kinshasa, na dunia ikaona kwa njia ya satelite. Ilikuwa furaha. Lakini habari za magaribi zilifunguliwa na uso wa Mobutu ukishuka toka mawinguni, na mpinzani hakuwa na nafasi. Kisha, 24 Aprili 1990, ni mbele ya kamera vilevile alitangaza mwisho wa chama kimoja, sauti ikimukatika.

Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa, jina likawa RTNC. Tarehe 30 Desemba 2013 watu wenye silaha waliivamia, wakakamata watangazaji. Mnaona? Majina yanabadilika, lakini anayetaka utawala anakimbilia mlango ule ule.

Katiba ya 2006, kifungo cha 24, inasema vyombo vya habari vya serikali ni kazi ya watu wote, na kila upande upate nafasi kwa haki. Kwa hiyo tukisikia habari tuulize: nani anasema? Nani hakupewa nafasi?

Tusicheke wakubwa peke yao. Mwezi uliopita mimi mwenyewe niliweka kando barua ya mwaka wa nne juu ya zamu ya kuchota maji, sababu ilinilaumu mimi. Naomba radhi. Itatoka nzima katika namba ijayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita