Kura Nyingi Hazikutosha: Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 1824

Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza swali moja mara nyingi, darasani na hata uwanjani: je, yawezekana mtu akapata kura nyingi kuliko wenzake wote, kisha asiwe mshindi? Jibu fupi ni kwamba yawezekana, na jambo hilo limekwisha tokea. Jibu refu halitoshi katika kipindi kimoja cha dakika arobaini. Kwa hiyo nimemwomba mhariri wa gazeti letu anipe nafasi nieleze habari za uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 1824. Habari hizo zatufunza jambo ambalo hesabu peke yake haifunzi, yaani kushinda kwa sheria ni jambo moja, na kuaminiwa na watu ni jambo lingine.

Kwanza yafaa tuijue hali ya nchi ile. Mwaka 1824 Marekani ilikuwa na majimbo 24 tu. Rais James Monroe alikuwa akimaliza kipindi chake cha pili. Chama kilichokuwa cha upinzani, yaani Federalist, kilikuwa kimekwisha nguvu, hata mwaka 1820 Monroe alichaguliwa tena bila mpinzani, akakosa kura moja tu ya wajumbe. Watu wengi walidhani ugomvi wa vyama umekwisha kabisa. Lakini wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na katika zizi hili walikuwamo wanne.

Wa kwanza alikuwa John Quincy Adams wa Massachusetts, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, mwana wa Rais wa pili wa nchi hiyo. Mtu msomi sana, lakini mkavu na asiyejua kujipendekeza kwa watu. Wa pili alikuwa William Crawford wa Georgia, Waziri wa Fedha. Huyo alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1823, na wabunge waliokutana kumteua walikuwa 66 tu. Wengi wa wenzao walikataa kuhudhuria. Wa tatu alikuwa Henry Clay wa Kentucky, Spika wa Bunge la Wawakilishi, msemaji hodari mno. Wa nne alikuwa Jenerali Andrew Jackson wa Tennessee, aliyewashinda Waingereza katika vita vya New Orleans mwezi wa Januari 1815. Watu wa kawaida walimpenda kwa kuwa waliona ni mtu wao, si mtu wa ofisi za mji mkuu.

Sasa natumaini msomaji atanivumilia kidogo nieleze sheria yenyewe, kwa maana hapo ndipo penye fundo la habari hii. Katika Marekani raia hawamchagui Rais moja kwa moja. Kila jimbo huwa na wajumbe wa uchaguzi, na idadi yao ni sawa na idadi ya wawakilishi wake bungeni pamoja na maseneta wake wawili. Wajumbe hao ndio wanaompigia Rais kura. Mwaka ule wajumbe wote walikuwa 261, na mshindi alitakiwa apate zaidi ya nusu, yaani kura 131 au zaidi. Katika majimbo 18 wajumbe walichaguliwa na raia. Katika majimbo sita walichaguliwa na mabaraza ya majimbo yenyewe.

Yafaa tukumbuke pia kwamba neno “raia” halikuwa na maana tuliyoizoea leo. Karibu wapigaji kura wote walikuwa wanaume weupe. Wanawake hawakuwa na kura, wala watumwa hawakuwa nayo. Hata hivyo watumwa walihesabiwa, watano kama watu watatu, wakati wa kugawa viti vya Bunge. Hivyo majimbo yenye watumwa wengi yalipata viti na wajumbe zaidi kwa ajili ya watu wasioruhusiwa kusema neno lolote. Jackson, Crawford na Clay wote watatu walikuwa na watumwa wao.

Kura zilipohesabiwa, matokeo yalikuwa haya: Jackson 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Hata katika kura za raia Jackson alitangulia. Alipata zaidi ya 150,000, na Adams zaidi ya 110,000. Jackson alikuwa wa kwanza kwa hesabu zote mbili. Lakini 99 si 131. Alikuwa wa kwanza, ila hakuwa mshindi.

Katiba ilikuwa imekwisha pata dawa ya jambo hilo. Kwa badiliko lililofanywa mwaka 1804, kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, Bunge la Wawakilishi litachagua mmoja katika wale watatu wa kwanza. Tena kila jimbo lina kura moja tu, likiwa kubwa au dogo. New York, iliyokuwa na wawakilishi 34, ilikuwa sawa na Illinois, iliyokuwa na mwakilishi mmoja. Katika majimbo 24, mshindi alihitaji majimbo 13.

Clay, aliyekuwa wa nne, akawa nje. Lakini yeye ndiye Spika, na wabunge wengi walimsikiliza. Basi mtu aliyeshindwa akajikuta ameshika ufunguo wa nyumba, na rafiki za wagombea wote wakaanza kubisha hodi kwake.

Jioni ya tarehe 9 Januari 1825 Clay alikwenda kuzungumza na Adams. Adams alikuwa na desturi ya kuandika habari zake za kila siku, na aliandika kwamba walikutana wakazungumza kwa muda mrefu. Bali aliyoyaandika ni machache, na mpaka leo wanahistoria hawakuona ushahidi wa mapatano yoyote. Clay alikuwa na sababu zake za wazi. Yeye na Adams walikubaliana kwamba serikali ijenge barabara na mifereji na kuvilinda viwanda vya nchi. Tena tangu mwaka 1819 alikuwa amemlaumu Jackson bungeni kwa kuingiza jeshi katika Florida, iliyokuwa mali ya Hispania, akaogopa kumweka mwanajeshi wa namna hiyo katika kiti cha Rais. Lakini Baraza la Kentucky, jimbo lake mwenyewe, liliwataka wabunge wake wampigie Jackson. Clay na wengi wa wenzake hawakufuata shauri hilo.

Siku ya kupiga kura ilikuwa tarehe 9 Februari 1825. New York ilikuwa na shaka mpaka dakika ya mwisho. Yasimuliwa kwamba mzee mmoja, Stephen Van Rensselaer, alikuwa hana uhakika, akainamisha kichwa kuomba Mungu amwongoze. Alipofumbua macho akaona chini karatasi yenye jina la Adams, akaiokota na kuitumbukiza sandukuni. Ikiwa kisa hicho ni kweli chote au kimetiwa chumvi, si rahisi kujua. Lakini hesabu ni kweli. New York ilimwendea Adams, naye akapata majimbo 13, Jackson 7, Crawford 4. Jimbo moja pungufu lingezuia ushindi siku ile.

Jioni ile ile, katika karamu ya Rais Monroe, Jackson alimpa Adams mkono na kumpongeza mbele ya watu. Laiti habari ingeishia hapo! Siku chache baadaye Adams alimwomba Clay awe Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na Clay akakubali. Cheo hicho hakikuwa kidogo. Jefferson, Madison, Monroe na Adams mwenyewe wote walikuwa wamekishika kabla ya kuwa Rais. Ilikuwa kama ngazi ya kupandia. Tena mwezi wa Januari gazeti moja la Philadelphia lilikuwa limekwisha chapa barua ya kudai kwamba mapatano ya namna hiyo yanafanywa kwa siri. Basi watu wakasema, lisemwalo lipo. Jackson aliandika kwa hasira akimfananisha Clay na Yuda aliyepokea vipande vya fedha. Seneti ilimkubali Clay kwa kura 27 dhidi ya 14, na mmoja wa waliomkataa alikuwa Seneta Jackson.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa michungu kwa Adams. Mwezi wa Desemba 1825 alilitaka Bunge lijenge barabara, mifereji, chuo kikuu cha taifa na nyumba ya kuchunguza nyota. Yalikuwa mawazo mazuri, lakini wengi walimsikiliza kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na sehemu kubwa ya mipango yake haikupita. Daniel Cook, mwakilishi pekee wa Illinois aliyempa Adams kura ya jimbo lake, alikosa kiti chake mwaka 1826. Mwaka huo huo Clay alipigana kwa bastola na Seneta John Randolph aliyemtukana kwa sababu ya jambo lile lile. Bahati njema hakuna aliyeumia.

Upande wa Jackson haukulala. Rafiki zake waliunda kamati katika majimbo, wakaanzisha magazeti, wakahubiri neno moja tu, kwamba wananchi wamenyang'anywa haki yao. Katika kazi hiyo kikazaliwa Chama cha Democratic, ambacho kingalipo mpaka leo. Mwaka 1824 kura za raia zilikuwa pungufu ya 400,000. Mwaka 1828 zilipita milioni moja. Jackson akapata kura za wajumbe 178, Adams 83.

Jackson huyo ndiye aliyekuwa Rais wakati mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alipotia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said mjini Muscat mwaka 1833, mkataba uliohusu na Unguja. Kwa hiyo jina lake limo hata katika historia ya pwani yetu.

Je, Jackson alikuwa malaika? Hasha. Alilaumu desturi ya kuwapa wabunge vyeo, kisha alipokuwa Rais naye akawapa wabunge vyeo. Ni yeye pia aliyetia sahihi sheria ya mwaka 1830 iliyosababisha maelfu ya wenyeji wa asili kuhamishwa katika nchi yao. Mwaka 1829 aliliomba Bunge libadili Katiba ili raia wamchague Rais wenyewe, lakini haikuwa. Sheria ile ingalimo katika Katiba, ingawa tangu mwaka 1825 Bunge halijamchagua Rais tena.

Na Clay? Aligombea tena mwaka 1832 na mwaka 1844, akashindwa mara zote mbili, na kila mara maadui zake waliwakumbusha watu habari za mapatano yale. Mwaka 1842, akihutubia Lexington, alikiri kwamba alikosea kuipokea kazi ile, maana alidharau nguvu ya masingizio. Adams alirudi bungeni mwaka 1831, akapigana na utumwa mpaka kufa kwake mwaka 1848, akapata huko heshima ambayo urais haukumpa.

Kwa maoni yangu, Adams na Clay hawakuvunja sheria hata moja. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba inatosha kutoivunja. Mwenye kumpigia mtu kura, kisha akapokea cheo mkononi mwake juma lile lile, hawezi kuwalaumu majirani wakinong'ona. Na Jackson, pamoja na hasira yake yote, hakuwaita askari wake wa zamani. Alingoja miaka minne akarudi kwa wapigaji kura. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi ninyi wanafunzi mnaochagua viongozi wa vyama vya shule, nanyi wazazi mnaokaa katika kamati za vijiji na za ushirika, kabla ya kuhesabu kura ulizeni mambo mawili: sheria yasema mshindi ni nani ikiwa hakuna aliyepita nusu? Na wale watakaoamua watapata nini baadaye? Maswali hayo yakijibiwa mapema mbele ya watu wote, hata aliyeshindwa atakwenda nyumbani kwa amani.

Mwalimu wa Historia