Hitilafu za volteji katika amplifaya ya gitaa ya vali

Hitilafu za volteji katika amplifaya ya gitaa ya vali ni hali ambapo volteji zinazopimwa ndani ya amplifaya hazilingani na zile zilizoandikwa kwenye mchoro wake. Hujitokeza zaidi pale fundi anapowasha kwa mara ya kwanza amplifaya aliyoiunda mwenyewe. Chanzo kinaweza kuwa ndani, kwa mfano rezista isiyo sahihi au kapasita iliyofungwa kinyume, au kikawa nje kabisa, kwenye umeme unaoingia. Makala hii inatumia mifano ya Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, Tanzania, kwa sababu michoro mingi ya amplifaya hizi iliandikwa Marekani na Uingereza ikichukulia kwamba umeme wa ukutani hautikisiki. Fundi wa Mara hawezi kuanza na dhana hiyo.

Hatari

Amplifaya ndogo ya vali huwa na volti 250 hadi 400 za mkondo mnyoofu ndani yake, na kubwa hufika 500. Volteji hiyo inaua. Tena haiondoki kwa kuchomoa waya ukutani, kwa kuwa kapasita za kuchuja huihifadhi. Kapasita za jumla ya maikrofaradi 100 zilizojazwa volti 350 hubeba nishati ya takriban jouli 6, na zisipokuwa na njia ya kuimwaga zinaweza kukaa nayo kwa saa nyingi.

Dawa yake ni rezista ya kiloomu 220, ya wati 2 au zaidi, iliyofungwa daima kati ya volteji ya juu na chasisi. Kwa kapasita hizo itaishusha kutoka volti 350 hadi chini ya 50 katika muda usiofika dakika moja. Hata hivyo fundi hupima kwanza kabla ya kugusa, kwa sababu rezista nayo hukatika. Kugusanisha ncha kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, hutoa cheche kubwa na huweza kuharibu kapasita.

Kipimo kinachofanywa amplifaya ikiwa imewashwa hufanywa kwa mkono mmoja. Waya mweusi wa mita hubanwa kwenye chasisi kwa klipu na mkono wa pili hukaa mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Miguu iwe na viatu vikavu, na asiwepo peke yake chumbani. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi, lazima ufungwe kwa skrubu kwenye chasisi. Kuukata ili kuondoa muungurumo ni kosa linaloweza kumuua mpiga gitaa, kwa kuwa nyuzi za gitaa huungana na chasisi hiyo kupitia kebo.

Volteji zinazotarajiwa

Vali, au tyubu, ni chombo cha kioo kisicho na hewa ndani. Kathodi yake hupashwa moto na filamenti, hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volteji ya juu. Gridi iliyo katikati hudhibiti wingi wake. Kwa hiyo kila vali inahitaji volteji mbili tofauti kabisa: ndogo ya filamenti, kwa kawaida volti 6.3, na kubwa ya anodi.

Mfano unaofaa ni amplifaya yenye vali moja ya ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, na vali moja ya kutoa nguvu ya EL84. Kwa mujibu wa jedwali la watengenezaji, EL84 inayofanya kazi kwa volti 250 hupitisha miliampea 48 kwenye anodi na 5.5 kwenye gridi ya pili, huku rezista ya kathodi ikiwa ya omu 135. Miliampea hizo zikipita kwenye omu 135 huleta karibu volti 7.2. Namba hiyo ndogo ndiyo muhimu kuliko zote katika amplifaya hii, maana inaonyesha mkondo bila kukata waya wowote.

Umeme wa ukutani Musoma, Bunda na Butiama

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Kiwango cha kimataifa huruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, yaani volti 207 hadi 253. Mkoa wa Mara hupata umeme wa gridi kutoka upande wa Mwanza, kupitia Bunda hadi Musoma. Nyumba iliyo karibu na transfoma ya TANESCO mjini inaweza kupata volti zaidi ya 230 usiku wa manane. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu kijijini, kama zile zilizosambazwa chini ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), inaweza kupata chache mno jioni watu wote wanapowasha taa na mashine za kusaga zikiwa bado zinanguruma. Waya una ukinzani, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo volteji inavyopotea njiani. Watu hudhani bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na jina la mzaliwa wa Butiama, litamaliza shida hiyo hata huko Butiama. Bwawa huongeza umeme wa gridi, lakini halifupishi waya wa kijijini.

Fundi anayepima volti 200 ukutani anapaswa kufanya hesabu moja kabla ya kufungua chochote: 200 gawanya kwa 230 ni 0.87. Kila volteji ndani ya amplifaya itashuka takriban kwa kiasi hicho. Filamenti ya volti 6.3 itapata 5.5, na anodi iliyoandikwa volti 250 itasoma karibu 217. Asiyefanya hesabu hii ataanza kubadilisha kapasita na vali zilizo nzima, na vali si rahisi kuzipata wala bei yake si ndogo.

Kinyume chake pia hutokea. Amplifaya ya zamani kutoka Ujerumani au Ufaransa huweza kuwa na transfoma ya volti 220. Ukutani pakiwa na volti 245, filamenti hupata volti 7, ambazo zimevuka asilimia 10 inayovumilika, na maisha ya vali hupungua. Ya Marekani ya volti 120 huhitaji transfoma ya kushusha. Tena, kama ilisukwa kwa hezi 60 pekee, kwenye hezi 50 chuma chake hubeba usumaku zaidi na kupata joto, hata volteji ikiwa sahihi.

Kuna hitilafu moja ya nje isiyosubiri hesabu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba moja hupata volti chache na ya jirani ikapata zinazokaribia 400. Taa zikififia upande mmoja na kung'aa kupita kiasi upande mwingine, kila kitu kichomolewe na TANESCO wapewe taarifa.

Jenereta na inveta

Katika mikutano ya injili na sherehe umeme mara nyingi hutoka kwenye jenereta ndogo ya petroli. Volteji yake hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika, hivyo hupimwa mzigo wote ukiwa umewashwa, si kabla.

Inveta za bei nafuu za sola zina utata zaidi, na wengi huupita bila kuutazama. Hazitoi wimbi laini bali la ngazi. Filamenti hufuata wastani wa joto la wimbi, na hiyo inveta huweza kuilinda vizuri. Lakini kapasita baada ya dayodi hujaa kufuata kilele cha wimbi. Kwenye umeme wa gridi wa volti 230 kilele ni volti 325. Betri ikichoka, inveta nyingi za aina hii hushusha kilele na kurefusha ngazi ili kufidia. Matokeo yake filamenti inasoma volti 6.3 sawasawa huku volteji ya anodi imeshuka sana, na fundi hupekua rektifaya isiyo na kosa lolote. Mita ya kawaida nayo hudanganya hapa, maana imetengenezwa kusoma wimbi laini. Njia rahisi ni kuhamishia amplifaya kwenye umeme wa gridi na kupima tena.

Kuwasha mara ya kwanza

Amplifaya mpya huwashwa kupitia balbu iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu iwe ya waya wa moto, ya wati 60 hadi 100. Za LED hazifanyi kazi hii. Zimekuwa adimu madukani, lakini wafugaji wa kuku bado huzitafuta kwa ajili ya kuwapa vifaranga joto, na kwao ndiko pa kuulizia. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo yanakwenda. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti: dayodi iliyokufa, kapasita ya kuchuja iliyogeuzwa au transfoma iliyoungua. Bila balbu, jambo hilo hilo lingekata fyuzi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuihamishia hasara kwenye transfoma.

Vipimo vya mwanzo hufanywa vali zikiwa nje. Volteji ya juu itasoma zaidi ya ile ya mchoro, na hilo si kosa, kwa sababu hakuna anayeitumia. Transfoma ya volti 250-0-250 yenye dayodi za silikoni itaonyesha karibu volti 353 bila mzigo, na ukutani pakifika 253 itakuwa 388. Kapasita ya volti 350 haifai hapo. Ya 450 inafaa. Anayebadilisha vali ya rektifaya kama EZ80 kwa dayodi ajue kwamba volteji itapanda kwa makumi ya volti, na EL84 ina kikomo cha volti 300 kwenye anodi.

Kufuatilia hitilafu

Vali zikirudishwa, kipimo hufuata njia ya umeme: ukutani, transfoma, rektifaya, kapasita, vali ya nguvu, kisha vali ndogo. Volteji ya juu ikiwa chini kwa kiasi kinachozidi kile cha ukutani, sababu kubwa ni mbili. Ama umeme haufiki vizuri, kwa sababu ya dayodi moja iliyokatika au kapasita ya kwanza iliyokauka, au unaliwa kupita kiasi. Rezista ya kathodi hutenganisha mambo hayo. Ikiwa na volti 12 badala ya 7.2, EL84 inavuta karibu miliampea 90, na anodi yake itaanza kuwa nyekundu. Mara nyingi kapasita ya kuunganisha inavujisha, na gridi ambayo ingesoma sifuri inasoma volti kadhaa. Au rezista ya gridi haikulehemiwa vizuri.

Anodi ya EL84 isiyo na volteji kabisa, huku gridi ya pili ikiwa nayo, humaanisha transfoma ya spika imekatika. Amplifaya izimwe papo hapo, kwa sababu gridi ya pili sasa inabeba kazi isiyoiweza.

Kwa ECC83, chukua chanzo cha volti 250 na rezista ya anodi ya kiloomu 100. Anodi ikisoma karibu volti 150, rezista inapitisha miliampea 1, na kathodi yenye rezista ya kiloomu 1.5 isome volti 1.5. Anodi ikiwa na volti 250 zote, hakuna mkondo: filamenti haiwaki au njia ya kathodi imekatika. Mita ya dijitali yenye ukinzani wa megaomu 10 husoma hapa bila kusumbua saketi, lakini mita za mshale za bei ndogo huivuta volteji chini na kuzua hitilafu isiyokuwepo.

Sikio nalo ni mita. Muungurumo wa hezi 100 hutoka kwenye kapasita za kuchuja, nao unakaribiana sana na noti ya uzi mnene wa gitaa ukibanwa kwenye freti ya tatu. Ulio oktavu moja chini yake, wa hezi 50, hutoka kwenye nyaya za filamenti au ufungaji mbaya wa athi.

Kuzoesha amplifaya kwa umeme wa Mara

Suluhisho bora kuliko stebilaiza ni transfoma yenye matawi ya volti 210, 230 na 250. Mafundi wanaosuka upya mota za pampu na mashine za kusaga wana ujuzi wa kuisuka, mradi wapewe hesabu ya mizunguko na karatasi nzuri ya kuhami. Stebilaiza ya relei husaidia, ingawa hurukaruka kwa ngazi na mruko husikika kwenye spika. Kwa vali ya nguvu, mfumo wa rezista ya kathodi unafaa kuliko ule wa volteji ya gridi iliyopangwa mapema. Umeme ukipanda, mkondo huongezeka, volti za kathodi hupanda, na vali hujizuia yenyewe kwa kiasi fulani.

Mafundi makini hubandika ndani ya boksi karatasi ya vipimo vyote, na juu yake huandika volteji ya ukutani na saa ya kupima. Volti 238 za saa tano asubuhi Musoma mjini na volti 204 za saa mbili usiku kijijini Butiama zitatoa karatasi mbili tofauti kwa amplifaya ileile iliyo nzima.