Mwalimu Akiondoka, Ameacha Nini?

Msomaji mpenzi, ukitaka kuwasikia watu wa Mbeya wakibishana mpaka chai ipoe, usiwaulize habari za bei ya viazi wala za mvua. Taja tu jina la Bwana Juma Mwambusi, aliyekuwa mwalimu wa timu ya mpira ya Mbeya City. Hapo utawaona ndugu wawili waliokula chungu kimoja tangu utoto wakitazamana kama mashahidi wa pande mbili barazani.

Mimi ni karani wa parokia, si mwandishi wa michezo. Lakini mabishano hayo niliyasikia hivi karibuni ndani ya basi, tangu Uyole hata Mafinga, nayo yakanigusa mahali nisipopatazamia. Kwa hiyo naona yafaa niyaandike, maana jambo lenyewe si la mpira tu.

Nilikuwa nimetumwa Iringa kupeleka makaratasi ya ofisi. Basi liliposimama Uyole wakapanda watu watatu, wakaketi karibu nami: mzee mmoja aliyevaa kofia ya zambarau, ambayo ndiyo rangi ya Mbeya City, mama mmoja mwenye biashara ya viazi, na kijana seremala aliyekuwa akirudi kazini Mafinga, kwenye mbao. Utingo akafungua redio, msomaji wa habari za michezo akaitaja Mbeya City, na mzee akaguna. “Enzi za Mwambusi,” akasema, “habari hii ingekuwa nyingine.” Kijana akageuka. Moto ukawaka.

TIMU ILIKOTOKA

Kwa faida ya wasiojua, Mbeya City ni timu ya Halmashauri ya Jiji, iliyoanzishwa mwaka 2011. Wapenzi wake huiita Koma Kumwanya. Haikuchelewa kukua. Chini ya mwalimu Mwambusi ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na msimu wake wa kwanza, yaani 2013/14, ikashika nafasi ya tatu. Mbele yake walikuwa Azam na Yanga tu. Simba, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa nyuma yake.

Wengi wa Mbeya wanaikumbuka siku ya tarehe 13 Aprili 2014. Azam walikuja Uwanja wa Sokoine wakiutafuta ubingwa, wakashinda mabao 2 kwa 1, wakautwaa hapo hapo mbele ya macho yetu. Msimu ule Azam hawakufungwa na timu yoyote. Lakini watu walitoka uwanjani vichwa juu, kwa sababu bingwa wa nchi alilazimika kuja kuutolea jasho ubingwa wake kwetu. Tangu Tukuyu Stars ya Rungwe ichukue ubingwa mwaka 1986, vijana wengi wa nyanda zetu walikuwa hawajaona jambo la namna ile. Mwaka 2014 huo huo timu ikasafiri hata Khartoum, Sudan, kucheza mashindano ya Bonde la Mto Nile. Msimu wa pili ikawa ya nne.

Kisha, Desemba 2015, ligi ikiwa inaendelea, mwalimu akaondoka kwenda Dar es Salaam, kuwa msaidizi wa Mdachi Hans van der Pluijm katika timu ya Yanga. Msimu ule Yanga wakawa mabingwa. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

MANENO YA MZEE NA MANENO YA KIJANA

Mzee alisema hivi: “Mwanangu, yule alituvua aibu. Zamani timu ya mkoani ikicheza na Simba au Yanga, wenyeji tuliingia uwanjani tukizishangilia timu za Dar es Salaam. Watoto wa Mbeya walivaa jezi za watu wa pwani. Mwambusi alikusanya vijana ambao hawakuwa na jina, akawafundisha kukimbia dakika zote tisini, na sisi tukajifunza kuishangilia timu yetu. Hilo haliondoki hata yeye akiondoka.”

Kijana akajibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. “Sikatai, baba. Lakini mlezi hamwachi mtoto kisimani. Angengoja msimu uishe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliacha mbachao, tena mvua ikinyesha. Na angalieni yaliyofuata.”

Yaliyofuata ni haya. Alikuja Bwana Kinnah Phiri kutoka Malawi, baadaye Bwana Ramadhani Nsanzurwimo kutoka Burundi. Timu ikawa ya kawaida: leo inashinda, kesho inafungwa. Mwaka 2020 iliponea katika michezo ya mchujo dhidi ya Geita Gold. Mwaka 2023 haikupona. Mashujaa ya Kigoma iliishinda katika mchujo, ikachukua nafasi yake. Imekaa chini miaka miwili, hata ilipopanda tena mwaka 2025.

“Zote hizo ni dhambi za Mwambusi?” mzee akauliza.

“Mbegu yake ilipandwa siku ile ya Desemba,” kijana akasema.

Mama wa viazi alikuwa kimya muda wote, nadhani akihesabu fedha zake. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Igurusi, kwenye mashamba ya mpunga, akainua kichwa. “Nyinyi mnamgombania mpishi tu,” akasema. “Mbona hamuulizi nani aliuza sufuria? Mwaka huo huo wa 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga na Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Mwalimu aliwakuta wapi tena? Hata angebaki, angepika kwa kutumia nini?”

Basi zima likacheka, na hata kijana akacheka. Lakini mama alikuwa amesema jambo zito, na jambo lingine lilimuunga mkono. Mwambusi mwenyewe alirudi Mbeya City baadaye, akaifundisha katika msimu wa 2019/20. Ni mtu yule yule, na uwanja ule ule wa Sokoine, lakini mambo hayakuwa yale. Ilipofika Desemba 2019 akaiacha tena kazi. Kama siri yote ingekuwa ndani ya mtu mmoja, angeirudisha siku aliyorudi.

WATU WA IRINGA WANA LAO

Makambako basi lilisimama kidogo, watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Wakapanda mabwana wawili wa Iringa, wakasalimu, “Kamwene,” na walipofahamu tunabishana nini, wakaingia bila kukaribishwa.

Iringa nao wamepata lao. Timu yao ya Lipuli ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwezi wa Mei 2019, chini ya mwalimu Selemani Matola, iliwatoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwa mabao 2 kwa 0, hapo Iringa, Uwanja wa Samora. Mmoja wa wafungaji alikuwa Paul Nonga, kijana aliyewahi kuchezea Mbeya City. Fainali ilichezwa Lindi tarehe 1 Juni 2019, na Azam wakashinda kwa bao moja tu. Baada ya hapo Matola akaenda Polisi Tanzania, na kabla mwaka haujaisha akawa msaidizi wa mwalimu wa Simba. Msimu uliofuata, mwaka 2020, Lipuli ikashuka.

Bwana mmoja wa Iringa akamwambia seremala: “Wewe unasema kosa ni kuondoka katikati ya msimu. Wetu aliondoka msimu umekwisha, kwa heri na amani. Sisi tukashuka kabla ya mwaka na miezi mitatu kupita. Wenu aliondoka katikati, nanyi mkakaa Ligi Kuu miaka saba zaidi. Sasa kipimo chako kiko wapi?”

Kijana akakosa la kusema. Mimi nikakumbuka habari za Uingereza. Alex Ferguson aliiongoza Manchester United miaka 26, akastaafu mwaka 2013 akiwa bingwa, na hakumkimbia mtu. Msimu uliofuata timu ile ikawa ya saba, na mwalimu aliyempokea akafukuzwa kabla ligi haijaisha. Basi si suala la Mbeya tu, wala si la umaskini tu. Hata penye fedha nyingi, nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja huyumba nguzo hiyo ikiondolewa.

NILIVYOULIZWA MIMI

Nilipomaliza kulisema hilo, seremala akanitazama sana. Kisha akasema, “Shikamoo, mwalimu. Tangu Uyole nilikuwa najiuliza. Hunikumbuki? Ulitufundisha darasa la tano.”

Nakiri kwamba nilihisi baridi, na si ile ya nje. Kabla ya kuwa karani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, maana nilisoma chuo cha ualimu. Shule yenyewe sitaitaja. Niliondoka katikati ya mwaka, nyumbani kulikuwa na shida, nami nikapata kazi ya ofisini karibu na wazee wangu. Sababu nilikuwa nayo. Lakini niliondoka Ijumaa, na sikumwachia mtu hata daftari la kuonyesha tumefika wapi.

“Mwalimu aliyekuja muhula uliofuata,” kijana akasema, “alidhani sehemu tumekwisha zimaliza. Tulikuwa ndiyo tunaanza. Mpaka leo, mwalimu, fundi akiniambia inchi moja na robo tatu uongeze nusu, mimi nasubiri mwenzangu ajibu kwanza.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Mzee wa kofia ya zambarau akatazama dirishani, kwa kunisitiri nadhani.

Sasa nikafahamu kwa nini kijana yule hakuweza kumsamehe Mwambusi. Nami nikafahamu kwa nini tangu asubuhi nilikuwa nikimtetea Mwambusi moyoni.

KIPIMO CHA KARANI

Katika kazi yangu ya sasa nimejifunza jambo moja. Karani hapimwi na wakubwa wake, hupimwa na karani anayemfuata. Huyo ndiye atakayefungua saraka na kuona kama vitabu vimeandikwa, kama funguo zina alama, kama madeni yameorodheshwa. Kama yule wa pili anaweza kuendelea Jumatatu asubuhi, basi wa kwanza alifanya kazi. Kama hawezi, wa kwanza alijifanyia jina tu.

Kwa kipimo hicho, Mwambusi tumpe haki yake. Alikuta timu changa ya daraja la chini, akaacha timu ya Ligi Kuu iliyodumu humo mpaka 2023. Aliacha pia umati uliojua kwamba Mbeya inaweza. Hiyo si saraka tupu. Lakini saraka ya mpira haijazwi na mwalimu peke yake. Wenye timu ndio wanaopaswa kulea watoto wa kuwarithi kina Kaseke, na kumtafuta mwalimu wa pili wakati wa kwanza bado yupo. Mwalimu akiitwa mahali pakubwa ataondoka; nani kati yetu hangeondoka? Kosa ni kushangaa siku hiyo ikifika. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nasi tumeligeuza neno hilo: lawama zote tumempa asiyekuwapo ili sisi tuliopo tusiulizwe.

Tena mwenye kuondoka naye ana deni lake. Haki ya kuondoka anayo, haki ya kuondoka kimya hana.

Kati ya Makambako na Mafinga ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Nilitoa bahasha kuukuu mfukoni na kalamu. Nikachora rula, nikaigawa inchi katika nusu, kisha robo, kisha sehemu ya nane. Nikamwambia, “Robo tatu ni robo ngapi?” Akasema, “Tatu.” “Na nusu ni robo ngapi?” Akafikiri, akasema, “Mbili.” “Jumla?” “Robo tano.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, “Basi ni inchi moja na robo. Na ile ya fundi ni inchi mbili na robo!” Mama wa viazi akapiga makofi. Mabwana wa Iringa wakaanza kumpa hesabu nyingine, na mpaka tunaona magogo na mbao za Mafinga kijana alikuwa amejibu zote isipokuwa mbili, na hizo akazirudia mpaka akazipata.

Aliposhuka aliikunja bahasha ile, akaitia katika mfuko wa shati. “Mwambusi alirudi, hakuweza,” akaniambia akicheka. “Wewe umerudi saa moja tu, nimepata.” Kisha akamgeukia mzee: “Lakini baba, bado nasema angengoja msimu uishe!”

“Nenda zako, mwanangu,” mzee akasema, naye akacheka.

Nimemwandikia barua mwalimu mkuu wa shule ile, kumwomba niende Jumamosi moja nionane na walimu. Daftari nililopaswa kuliacha limechelewa miaka mingi, na wanafunzi wale sasa ni watu wazima. Hata hivyo nitakwenda. Nawe msomaji, kama unaondoka mahali mwezi huu, iwe ni shule, duka, kwaya au timu ya mpira, usiondoke Ijumaa bila kumwachia mwenzako daftari.