Uradi wa Kurasa Sita

Mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza ya maktaba, kama nilivyokaa mimi hapa Tanga, hakosi kuona jinsi maneno mawili ya lugha yetu, kuazima na kuazimia, yanavyokaribiana kwa sauti, na jinsi mwezi wa Januari unavyoyakutanisha mbele yake kila mwaka; kwa maana wengi wanaokuja kuazima vitabu siku hizo ni watu walioazimia, aghalabu watatu au wanne walioahidiana barazani, kwamba mwaka huu watasoma vitabu ishirini, au thelathini, au hamsini. Ukifunua jalada la nyuma la kitabu kinachopendwa, utaikuta tarehe ya azma hizo katika karatasi ndogo iliyogundishwa hapo, ambayo hupigwa mhuri wa siku ya kurudisha: mihuri ya Januari na Februari imesongamana, ya Machi imeachana, kisha kimya kirefu mpaka Januari nyingine. Nimeitazama karatasi hiyo mara nyingi, nami siamini kwamba inashuhudia uvivu wa watu. Inashuhudia kipimo kibaya.

Mwaka mmoja nami nilikuwa miongoni mwa watu sita, masahibu wa baraza moja ya mtaa wa Ngamiani, tulioahidiana vitabu 50 kila mmoja, tukabandika karatasi yenye majina yetu ukutani, karibu na mahali linapowekwa dele la kahawa, ili kila anayemaliza kitabu apige mstari mbele ya macho ya wote. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, mistari ile ilikuwa imekwisha kutugeuza tabia. Mmoja wetu, aliyekuwa mpenzi wa riwaya nene, alihamia vijitabu vya watoto. Wa pili alianza kukawia kuja barazani kwa sababu mistari yake ilikuwa michache. Nami, ambaye kazi yangu ilinipasa kujua zaidi, niliisoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed kwa siku mbili, nikizirukaruka aya, nikapiga mstari wangu kwa fahari. Juma lililofuata sahibu aliyekuwa akikisoma kitabu hicho hicho taratibu aliniuliza nilionaje jambo moja lililompata Rehema, nikatafuta jibu moyoni mwangu nisilione, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa katika kurasa nilizozipita mbio. Sijaisahau haya ile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza kwa nini azma njema ya watu wanaopendana inaweza kuzaa tunda chungu namna ile.

Wataalamu wa saikolojia wana kauli juu ya jambo hili. Edwin Locke na Gary Latham, ambao kitabu chao kikubwa juu ya nadharia ya malengo kilitoka mwaka 1990, wameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mtu mwenye lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri zaidi kuliko yule anayeambiwa ajitahidi kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo walioahidiana hawakukosea kutaka lengo lenye hesabu. Lakini wataalamu hao hao wametahadharisha kwamba pale ambapo kazi ni ya kujifunza, lengo linalotazama matokeo tu laweza kumfanya mtu ayakimbilie matokeo na kuyapuuza mafunzo. Kusoma ni kazi ya namna hiyo hasa. Idadi ya vitabu inahesabu majalada yaliyofungwa, na msomaji akiisha kuambiwa kwamba thamani yake imo katika kufunga jalada, atalifunga upesi.

Basi tuhesabu nini? Sisi watu wa pwani hatukuhitaji kulitafuta jibu mbali, kwa sababu tumelelewa nalo. Msahafu una juzuu 30, na mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, na tangu utotoni tumewaona wazee wetu wakihitimu katika mwezi huo mmoja bila pupa wala fadhaa, kwa hesabu nyepesi: juzuu moja katika msahafu uliozoeleka ni kurasa 20 hivi, na sala za faradhi ni tano, kwa hiyo mwenye kusoma kurasa nne baada ya kila sala amekwisha kuitimiza juzuu ya siku yake. Hapana mzee aliyeamka tarehe mosi akaitazama khitma nzima kama mlima; aliitazama sehemu yake ya baada ya alfajiri. Na tunapokutana katika khitma ya marehemu, vijitabu vya juzuu hugawanywa kwa waliohudhuria, huyu akapata ya saba, yule ya ishirini na mbili, na anayesoma kwa kasi humngoja anayesoma pole pole, kwa maana khitma haijawa khitma mpaka wa mwisho amalize. Sisemi kwamba riwaya ni sawa na Kitabu kitukufu, hasha. Nasema tu kwamba umma uliokwisha kuijua sehemu ya kila siku, ambayo kwa lugha yetu huitwa uradi, hauna haja ya kuanza upya kujifunza namna ya kugawa mwaka.

Tufanye hesabu. Kurasa sita kwa siku 365 ni kurasa 2,190, na kama kila kitabu kina kurasa 180, hivyo ni vitabu 12 na ziada kidogo. Kurasa sita huhitaji muda wa kungoja wali uive. Mtu anayeona haya kusema kwamba atasoma vitabu 12 tu kwa mwaka, akiulizwa mwaka uliopita alisoma vingapi, mara nyingi hunyamaza; na yule anayesema 50 amejitwisha zaidi ya kurasa 24 kila siku ya Mungu, ya harusi na ya msiba, ya homa na ya safari.

Lakini uradi unataka mahali pa kusimama, yaani wakati wake maalumu katika siku. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake wa London, waliowafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, la kunywa au la mazoezi ya viungo, akalifungamanisha na wakati maalumu wa siku yake, kama vile baada ya chakula cha asubuhi. Walitaka kujua inachukua siku ngapi mpaka jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujisukuma. Kadiri ya kati ilikuwa siku 66, ingawa wapo waliochukua 18 na ikakadiriwa kwamba wengine wangefika 254. Na kuikosa siku moja hakukuharibu kitu. Uchunguzi ule haukuhusu vitabu, lakini niliposoma habari zake nilichukua kalenda nikahesabu kutoka Januari mosi, nikaona kwamba siku ya 66 huangukia tarehe 7 Machi, yaani pale pale ambapo mihuri yangu huanza kuachana. Nilihuzunika kwa ajili ya wasomaji wale, kwa kuwa wengi wao huenda waliuacha mzigo hatua chache kabla haujawa mwepesi.

Kwa hiyo, anayeuliza aanze lini na vipi, humwambia achague jambo ambalo tayari analifanya kila siku bila kukosa, sala ya isha au kupanda daladala au kumlaza mtoto, na kitabu kikae karibu na jambo hilo. Tarehe si kitu kikubwa. Mimi huipenda Januari mosi kwa sababu nyingine kabisa, kwamba ndiyo siku aliyozaliwa mwandishi Shaaban Robert, mwaka 1909, katika kijiji cha Vibambani, si mbali na mji wetu huu. Na sioni mwanzo wa mwaka ulio bora kwa msomaji wa Kiswahili kuliko kukaa jioni hiyo na Kusadikika, kitabu chake chembamba cha mwaka 1951 ambacho kwa uradi wa kurasa sita hakifiki nusu ya mwezi.

Sasa nije kwa masahibu, maana lengo la pekee lina faida yake, bali lengo la pamoja lina nguvu ya ajabu ikiwa litaongozwa kwa insafu. Ghera na husuda hukaa nyumba moja, na karatasi ya ukutani huufungua mlango ule wa husuda. Baraza yetu, baada ya kuichana karatasi ile, ilijaribu mfano wa upatu, ambao mama zetu wameuendesha vizazi na vizazi kwa fedha: tulikuwa sita, kila mmoja akanunua kitabu kimoja, na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi vitabu vikahamia mkono wa kulia. Baada ya miezi sita kila mtu alikuwa amesoma vitabu sita kwa bei ya kimoja, tukanunua sita vingine, na mwaka ukafunga kwa kumi na viwili. Duru ya kwanza ilikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960 iliyomleta mpelelezi Bwana Msa, pamoja na Kuli ya Adam Shafi. Miaka ya karibuni ameingia Abdulrazak Gurnah kwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, ambayo kwa unene wake tuliipa miezi miwili kwa kila mkono, na hapana aliyelalamika. Anayekabidhi kitabu hutakiwa kusema jambo moja tu lililomkaa moyoni. Na anayekutana na kitabu kinachomkataa ana ruhusa ya kukiacha, kwa maana S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras ambaye sisi wa kazi hii tunamwita mwalimu, alipoweka kanuni zake tano mwaka 1931 alitaka kila msomaji apate kitabu chake na kila kitabu kipate msomaji wake, wala hakutaka walazimishane.

Katika mwaka wa tatu wa upatu wetu alijiunga Bi Mkubwa mmoja wa mtaa ule, mshona kofia, aliyejifunza kusoma akiwa mke wa mtu katika madarasa ya kisomo yaliyofuata Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970. Aliomba uradi wake uwe ukurasa mmoja. Alisoma kwa sauti, kidole kikitangulia chini ya mstari, na alama ya mahali alipofikia ilikuwa uzi mweupe wa kushonea kofia. Alipofika kwenye Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1958 juu ya mwimbaji huyo, mwendo wake ulipungua zaidi, kwa kuwa kila ukurasa ulimkumbusha santuri za nyumbani kwa baba yake, na akiombwa aendelee husema, “Ngoja kwanza, mwanangu, hapa pana habari.” Habari zenyewe zilikuwa nzuri hata tukawa tunahamisha baraza, jioni nyingine, tukaenda kukaa kwenye mkeka wake.

Disemba ilipokwisha alikuwa amemaliza vitabu viwili, na cha tatu, wasifu ule, kilikuwa kimebakiwa na kurasa 14. Mwenzetu ambaye zamu ya kuupokea ilikuwa yake alikwenda usiku wa Ijumaa ya kwanza, akaukuta karibu na kofia ambayo haijakwisha tundu zake, uzi ukiwa katikati ya kurasa. Akaketi, akausikiliza ukurasa wa usiku ule mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akaondoka mikono mitupu. Na usiku wa pili alirudi kusikiliza ukurasa uliofuata.