Rubani aliyekubali kurudi mara kumi

Wanafunzi wetu wa historia hufunzwa kwamba Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Pili mnamo Desemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor. Hiyo ni habari ya serikali. Kabla ya siku hiyo, maelfu ya vijana wa Kimarekani walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka na kujiandikisha katika Jeshi la Anga la Kanada, nchi ya Jumuiya ya Madola iliyokuwa vitani tangu Septemba 1939.

Mmoja wao alikuwa Joe McCarthy, pandikizi la mtu kutoka New York, aliyejiunga mwaka wa 1941. Nchi yake ilipoingia vitani angeweza kuhamia jeshi la kwao. Alibaki alikokuwa, na begani akavaa majina ya nchi zote mbili.

Usiku wa Mei 16, 1943, Kikosi cha 617 cha Uingereza kilituma ndege 19 aina ya Lancaster kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Ndege ya McCarthy iliharibika kabla ya kupaa. Ikambidi achukue ya akiba na kuondoka akiwa amechelewa. Alitumwa kwenye bwawa la Sorpe. Kuta za Möhne na Eder zilikuwa za mawe, na bomu lilirushwa lidunde juu ya maji hadi liufikie ukuta. Sorpe lilikuwa tuta la udongo lenye kiini cha saruji. Ilibidi ndege iambae na tuta, chini mno, baada ya kukwepa mnara wa kanisa uliokuwa kilimani, kisha iangushe bomu katikati barabara.

Mlengaji wake, Sajenti George Johnson, hakuridhika na mpito wa kwanza. Wala wa pili. Wakazunguka mara tisa, wenzao wakinung'unika, na mara ya kumi ndipo alipoliachilia. Hapa nawaomba walimu watue kidogo. McCarthy alikuwa afisa na kamanda wa ndege. Neno moja lake lingetosha kumaliza ubishi. Alimwachia sajenti aamue, kwa kuwa kazi ya kulenga ilikuwa ya sajenti. Ni walimu wakuu wangapi hufanya hivyo?

Sehemu ya juu ya tuta ilimomonyoka, lakini Sorpe halikuvunjika. Möhne na Eder yalivunjika. Maji yaliua watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya vibarua wa kulazimishwa, hasa wanawake kutoka Muungano wa Kisovieti waliofungiwa kambini bondeni, chini ya Möhne. Hao walikuwa mateka wa Hitler, si raia wake, na masimulizi ya ushujaa wa usiku ule aghalabu huwaruka. Kati ya wanaanga 133, 53 walikufa.

McCarthy alitunukiwa nishani, akawa raia wa Kanada na kulitumikia jeshi lake hadi mwaka wa 1968. Alifariki mwaka wa 1998. Johnson aliishi hadi Desemba 2022, akiwa na umri wa miaka 101.