Mchikichi na Adui Zake

Watoto, ni nani kati yenu asiyependa sombe iliyopikwa kwa mawese? Huku kwetu, toka Kasongo karibu na Lualaba mpaka Kabambare na mto Luama, mchikichi, ambao wengi huuita mungazi, ni mti wa kila mji. Mawese yake huingia chunguni, na yanayobaki huuzwa sokoni. Majani yake huezeka vibanda, na njiti zake hufanya mifagio. Wazazi wengi wamelipa madaftari ya watoto wao kwa bidoni ya mawese. Basi mchikichi ukifa, nyumba imepata hasara. Tujue adui zake.

1. Moyo mmoja tu

Ukikata tawi la mwembe, tawi lingine huchipuka. Mchikichi sivyo. Hauna matawi, una chipukizi moja tu, juu kabisa, katikati ya majani. Hilo ndilo moyo wa mti. Kila jani jipya hutoka hapo. Moyo ukiharibika, mti umekufa, hata kama mizizi ingali mizima.

2. Mdudu mwenye pembe

Adui wa kwanza ni mdudu mkubwa mweusi, mwenye pembe moja kichwani kama kifaru. Watu wa pwani humwita chonga. Usiku huruka, hutua juu ya mti, na kutoboa njia kuelekea moyo ili anywe utomvu. Majani yaliyokuwa bado yamekunjwa humo hutobolewa pia. Yakifunguka, huonekana kama yamekatwa kwa makasi. Ukiona majani ya namna hiyo, ujue chonga amepita.

Mayai yake hayatagi ndani ya mti mzima. Hutaga katika magogo ya michikichi yanayooza, katika lundo la takataka na la samadi. Humo funza wake weupe hukaa miezi mingi, wakila na kunenepa. Ndugu yake wa Asia alifika visiwa vya Samoa mwaka 1909, akaharibu minazi mingi.

3. Fukusi wa mchikichi

Adui wa pili ni fukusi mkubwa mwenye mdomo mrefu. Yeye hufuata harufu ya kidonda: tundu la chonga, au mahali mkwezi alipokosea kwa panga. Hapo hutaga mayai, na funza wake hula nyama laini ya mti mpaka moyoni. Ninyi mnawajua funza hao, maana hukaangwa na kuliwa, nao ni watamu. Lakini mti wanaotoka haupone.

4. Magogo yaliyosahauliwa

Katika shule moja nilikofundisha zamani, tulikata michikichi mitatu mizee ili tupate kiwanja cha darasa. Magogo tukayaviringisha nyuma ya bustani, tukayasahau. Mvua zikanyesha, magogo yakaoza. Mwaka wa pili michikichi michanga ya jirani yetu, mama mmoja mjane, ikaanza kutoa majani yaliyokatika. Minne ikafa. Mama yule akasema amelogwa, akamshuku shemeji yake. Wakaacha kusalimiana, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Siku moja wanafunzi walipasua gogo moja kwa shoka. Wakahesabu funza zaidi ya 40. Nilikwenda kwa mama yule pamoja na shemeji yake, nikawaonyesha funza, nikasema, “Mama, hapana uchawi. Kosa ni letu.” Alinyamaza sana. Kisha akampa shemeji yake kiti. Magogo yote tuliyachoma, na wanafunzi wakampandia miche minne.

5. Kazi za kila majira

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya kiangazi. Ndiyo miezi ya kusafisha. Pasua magogo yote, hata ya miti iliyoangushwa kwa ajili ya tembo. Yaanike, kisha uyachome mbali na shamba, siku isiyo na upepo. Geuza lundo la samadi na kuua funza; kuku watakusaidia. Palilia kila mti pande zote, hatua moja toka shinani, ili moto wa nyika usiufikie.

Mvua zikirudi, panda miche, na tazama majani mapya kila juma. Ukiona tundu bichi, ingiza chuma chembamba chenye ncha iliyopindwa, umvute chonga nje. Kisha jaza mchanga katika tundu. Ukikata mikungu, usijeruhi shina. Kata majani makavu, uache mabichi, kwa maana ndiyo yanayolisha ngazi.

6. Kwa wanaokaa milimani

Ukipanda mashariki kuelekea milima ya Itombwe, baridi huzidi na mchikichi hupoteza nguvu. Huko watu hulima kahawa. Mdudu wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, naye asili yake ni hapa hapa Afrika ya Kati. Hutoboa tunda na kutaga ndani ya buni. Mavuno yakiisha, hujificha katika matunda makavu yaliyobaki mtini na chini. Basi chuma yote, okota yote, hata lile moja jeusi.

Mnaona, watoto: adui wa mchikichi na wa kahawa hulala katika uchafu tunaouacha wenyewe. Naye akiamka, hachagui shamba la mwenye uchafu. Huenda na kwa jirani.

Maswali

1. Kwa nini mchikichi hufa moyo wake ukiharibika?
2. Chonga hutaga wapi?
3. Fukusi hufuata nini?
4. Kwa nini mama mjane alimshuku shemeji yake? Kosa lilikuwa la nani?
5. Leo ukirudi nyumbani, tafuta magogo yanayooza. Umeona mangapi? Mwambie baba au mjomba.